Tenki Lililokosa Pumzi

Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikashtuka kama punda aliyechapwa ghafla, kisha ikanyamaza. Kirsteen akabaki anaserereka juu ya barabara nyembamba ya mlimani, mvua ikimpiga ubavuni, akisikiliza kitu ambacho siku ile hakutaka kabisa kukisikia: magurudumu matupu na upepo.

"Usinifanyie hivi," akaiambia. "Siku zote, lakini si leo."

Nyuma yake, juu ya kiti cha abiria, kulikuwa na sanduku jekundu, na ndani ya sanduku mifuko minne ya damu. Huko mbele, ng'ambo ya mlima, katika hospitali ndogo ya Kinlarra, mwanamke mmoja alikuwa amejifungua alfajiri na damu yake ilikataa kukatika. Hayo ndiyo aliyoambiwa, na hakuambiwa zaidi. Wapanda pikipiki wa kujitolea wa pande zile hawaambiwi jina la mgonjwa. Hawaambiwi alikuwaje kabla, wala baadaye alipona au hakupona. Wanapewa sanduku, wanaonyeshwa mahali, wanakwenda. Kirsteen, ambaye siku nyingine zote alikuwa mkandaji wa unga katika duka la mikate, alikuwa ameizoea kanuni hiyo. Aliipenda hata. Ilimwezesha kulala.

Lakini leo haikumtuliza. Helikopta ilishindwa kuruka kwa sababu ya ukungu. Simu za waya zilikuwa zimekatwa na dhoruba ya jana, na huku juu simu ya mkononi ilikuwa kipande cha kioo tu. Mto ulikuwa umefurika ukapanda juu ya barabara, na askari aliyesimama kwenye kizuizi alilitazama sanduku jekundu kwa muda kabla hajakisogeza kile kizuizi.

"Ukipita wewe hapiti mwingine," alimwambia. "Na kule juu tumewarudisha wote. Unanielewa, dada? Ukikwama, umekwama peke yako."

"Sitakwama," Kirsteen akajibu, akaingia majini, maji yakapanda hadi kwenye vyuma vya kukanyagia.

Basi pikipiki ilipozima, hata hakuwaza mara mbili. Maji. Watu wa kule, kitu chochote chenye injini kikifa, iwe trekta, iwe boti, iwe mashine ya kukatia nyasi, neno la kwanza mdomoni mwao ni maji. Na mara nyingi huwa wamepatia, maana mvua yao haianguki kama mvua za wengine. Inakuja kwa ubavu, inaingia chini ya milango, inapenya kwenye kofia na kwenye matenki ya mafuta.

Wiki iliyopita pikipiki moja ya kikundi chao ilizimikia barabarani, na tenki lake lilipofunguliwa likakutwa na maji. Torquil, mkuu wao, mzee mwenye mikono isiyotulia, akachukua mpira wa ndani wa gurudumu la trekta, akaukata vipande, akavibandika kwa gundi ya kuzibia pancha juu ya vifuniko vya mafuta vya pikipiki zote. Upande mmoja aliuacha ubanduke ili mtu aweze kujaza mafuta, kisha aukandamize tena.

"Sasa mbingu zote zianguke," alisema, na wakampigia makofi.

Kirsteen akasimamisha pikipiki kando, akabandua ule mpira, akafungua kifuniko, akachungulia. Mafuta yalikuwepo mengi. Kama kulikuwa na mlio wowote kifuniko kilipofunguka, upepo uliumeza. Akafungua skrubu ya chini ya kabureta, kifaa kinachoilisha injini mafuta, akamwaga kilichokuwamo, akaifunga. Akarudisha kifuniko na kuukandamiza mpira kwa kiganja. Akabonyeza kitufe. Injini ikaitika mara moja, laini, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Maji," akasema, akaondoka.

Hakufika mbali. Barabara ilizunguka ziwa dogo, ikaanza kupanda, na pale injini ilipohitaji nguvu ikakohoa tena na kufa. Akashuka. Akafanya vilevile: mpira, kifuniko, skrubu. Ikawaka tena. Safari hii hakutosheka na kiganja. Alitoa utepe mweusi wa kunata kwenye mfuko wa vifaa, akauzungusha juu ya mpira na chini ya shingo ya tenki, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka pakawa pamefungwa kama jeraha.

"Haya, ingia sasa," akaiambia mvua.

Alipozimikiwa mara ya tatu alikuwa kwenye zizi la mawe, na ndani ya zizi kulikuwa na kondoo waliolowa, mbwa mmoja, na mzee aliyevaa koti la mvua lililofungwa kiunoni kwa kamba. Aliitwa Dughall. Alikuja akichechemea, akaitazama pikipiki na kumtazama Kirsteen.

"Umechagua siku nzuri ya matembezi, binti."

"Mzee, una gari?"

"Ninalo. Liko ng'ambo ya mto, na mto uko juu ya barabara. Ninayo hiyo." Akaonyesha kwa kidevu pikipiki ya magurudumu manne iliyojaa matope na vinyesi vya kondoo. "Haipendi haraka."

"Inaweza kufika Kinlarra?"

"Inaweza. Tukiondoka sasa tutaingia huko giza limeshaingia. Umebeba nini humo?"

"Damu. Kuna mama amejifungua, anavuja."

Uso wa mzee ukabadilika, lakini mdomo wake haukujua njia nyingine ila mzaha. "Damu ya nani? Kama ni ya Mwingereza, ndiyo maana inagoma kupanda huku kwetu."

"Mzee, tafadhali."

"Sawa, sawa. Ni maji. Umepita mtoni?"

"Nimepita. Nimeshamwaga mara mbili. Naenda kidogo, inakufa. Namwaga, inawaka, naenda kidogo, inakufa."

"Basi maji ni mengi kuliko ulivyomwaga. Tulimwage tenki lote tuyaone."

Kirsteen alilitazama sanduku. Damu ikishatolewa kwenye jokofu la hospitali ina muda wake, na muda huo ukipita hakuna daktari atakayethubutu kuitia mshipani mwa mtu. Muda ulikuwa unapita hapa, mbele ya kondoo. Lakini hakuwa na jingine la kufanya. Dughall alileta chupa ya kioo ya jamu iliyokuwa na misumari, akaikung'uta. Kirsteen akachomoa bomba la mafuta pale linapoingia kwenye kabureta, mzee akalishika juu ya chupa, koki ikafunguliwa. Kifuniko cha tenki hakukigusa. Utepe aliouzungusha ulikuwa mwingi mno, na vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi.

Mafuta yakatiririka, yakawa uzi, uzi ukawa matone. Matone yakakoma.

Dughall akainua chupa kwenye mwanga. Yalikuwa mafuta matupu, masafi, bila tone moja la maji chini yake.

"Limekwisha," akasema. "Binti, umetoka nyumbani bila mafuta. Mimi huwa nawaambia, vijana wa siku hizi..."

"Nimejaza asubuhi! Nimejaza pomoni!"

"Tenki lililojaa pomoni halikauki kwa nusu chupa ya jamu."

Kirsteen akaishika pikipiki kwa pembe zake, akaitikisa. Wote wawili wakasikia mafuta yakipiga ndani, *chobwe, chobwe*, mazito, mengi. Hata mbwa aliinua masikio.

"Yamo," Dughall akasema taratibu. "Yamo, lakini hayataki kutoka."

"Maji hayawezi kufanya hivyo."

"Hapana. Hayawezi."

Walitazamana, watu wawili waliozaliwa mvuani, wameporwa jibu lao la pekee. Ndipo hofu ikamwingia Kirsteen sawasawa. Mpaka pale alikuwa na adui anayemjua. Sasa hakuwa na kitu. Akalivamia tenki, akaurarua utepe kwa kucha, kwa meno, akabandua mpira, akazungusha ufunguo, akavuta kifuniko. Kikakataa. Kilikuwa kimeng'ang'ania kana kwamba mtu anakivuta kutoka ndani. Akakaza mikono miwili.

*Fyuuuuup.*

Hapa ukuta wa zizi uliukinga upepo, na ule mlio ukasikika wazi, mrefu, wa kitu kinachovuta pumzi baada ya kubanwa pua. Papo hapo bomba alilokuwa ameliachia Dughall likatapika mafuta juu ya buti zake na juu ya mgongo wa mbwa.

"Funga! Funga koki, mwanamke! Utanichomea mbwa!"

Aliifunga. Alisimama na kifuniko mkononi, mvua ikimwingia mdomoni.

"Umewahi kunyonyesha wanakondoo yatima kwa chupa?" akauliza.

"Miaka sitini. Kwa nini?"

"Ile chuchu ikiwa haina tundu la hewa?"

"Ananyonya, ananyonya, chupa inabonyea, maziwa yanakoma. Unaichomoa mdomoni, inavuta hewa, yanatoka ten..." Dughall akaufunga mdomo. Akakitazama kifuniko, na kile kipande cha mpira wa trekta kilichokuwa kikining'inia. "Nani amekibandika hicho kidude?"

"Torquil. Kuzuia maji."

"Na kila mara inapozimika, wewe unafungua kutafuta maji."

"Na hewa inaingia. Na inawaka. Na mimi naifunga zaidi." Sauti yake ilipasuka. "Nimeifunga kwa utepe, mzee. Nimeizungushia utepe kwa mikono yangu."

"Usilie hapa, kondoo wataiga. Nenda."

Alikata mpira wote kwa kisu cha mzee, akautupa zizini. Akarudisha bomba, akafunga kifuniko kikiwa uchi, mvua ikigonga juu yake. Dughall alimsukuma begani kama anayesukuma kondoo mlangoni, naye akaondoka bila hata kusema asante.

Mlima ulipanda, naye akapanda nao. Ukungu ulishuka mpaka akawa anaona kipande cha barabara kama mkeka mmoja mbele yake. Alihesabu kona kimoyomoyo kwa vile alizijua: ya mwamba mweupe, ya daraja la mbao, ile ambapo lori la samaki lilianguka. Injini ilikuwa inaimba. Aliona aibu na furaha pamoja. Alianza hata kumwambia yule mama asiyemjua, "Ngoja. Ngoja tu, nakuja."

Karibu na kilele, injini ikakohoa.

"Hapana."

Ikakohoa tena.

"Hapana, hapana, nimekutolea huo mpira, unataka nini tena?" Ikafa. Alipiga kelele mlimani, kelele isiyo na neno, na ukungu ukaimeza bila kumrudishia hata mwangwi.

Akafungua kifuniko. *Fyuup*. Ugonjwa ni uleule. Akakigeuza, akakiweka karibu na jicho. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia, kidogo kama jicho la sindano, na kitundu kile kilikuwa kimejaa kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa. Gundi ya pancha. Ilikuwa imejichimbia chini ya mpira tangu wiki iliyopita na kukauka. Torquil hakuwa amefunika tu, alikuwa amesiliba.

Alijaribu ncha ya ufunguo, ikawa nene. Alijaribu kuivuta gundi kwa meno, akapata ladha ya mafuta tu. Alivua kofia ngumu, akachomoa hereni, akaunyoosha waya wake na kuusukuma kitunduni, ukapinda kama uzi wa tambi. Akachomoa ya pili, nayo ikapinda. Alikaa juu ya lami iliyolowa, hereni mbili zilizopinda mkononi, damu ya watu wanne ikiwa nyuma yake, na akahisi kwa mara ya kwanza kwamba inawezekana kabisa. Inawezekana mtu akafa leo kwa sababu ya hii takataka nyeusi isiyozidi chawa.

Akasimama. Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa ya kijinga. Kifuniko kikikaa wazi, tenki litapumua. Kikikaa wazi, mvua itaingia. Maji yale ambayo kikundi kizima kilikuwa kinayaogopa, angeyafungulia mlango mwenyewe.

"Bora yaniue karibu na Kinlarra kuliko hewa iniue hapa," akasema.

Alikiweka kifuniko mfukoni. Akafungua koti, akalala kifudifudi juu ya tenki, akaligeuza koti kuwa paa na kifua chake kuwa dari. Akawasha.

Kushuka mlima ule kwa namna hiyo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Kidevu kilikuwa juu ya saa ya mwendo. Kila alipofunga breki mafuta yaliruka yakamlowesha tumbo, na alijua kwamba bomba la moshi lililo jekundu kwa joto liko chini ya goti lake, kwa hiyo akawa anaogopa kufunga breki. Mvuke wa mafuta ulimwingia machoni, akawa anaendesha huku analia bila kulia. Upepo ulikuwa unaiba pindo la koti, analirudisha kwa kiwiko, unaiba tena, na kila ulipoiba alisikia baridi ya matone yakipita karibu na kifua chake kwenda yalikokuwa yakienda.

Ukungu ukaachia. Chini akaiona ghuba ya kijivu, nyumba nyeupe za Kinlarra, na hospitali yenye paa la buluu upande wa pili wa daraja. Alikuwa kwenye mteremko wa mwisho wakati injini ilipotoa kikohozi kingine, kisichofanana na vile vya mwanzo. Hiki kilikuwa cha kugugumia, cha kubwia, cha mtu aliyepaliwa.

"Sasa ndiyo maji," Kirsteen akasema.

Ikazima. Hakugusa breki. Aliiacha ishuke kimya kwa uzito wake, ikapita kanisa, ikapita duka la samaki ambako mwanamke mmoja alitoka mlangoni na kubaki na ufagio mkononi, ikapanda nusu ya mgongo wa daraja, ikachoka. Kirsteen akailaza chini palepale katikati ya njia, akafungua mikanda ya sanduku, akalikumbatia, akakimbia. Sanduku lilikuwa zito na linampiga mapaja. Buti zilijaa maji. Alianza kupiga kelele kabla hajafika mlangoni.

"Damu! Nimeleta damu! Fungueni!"

Nesi mmoja mfupi, mikono ya gauni imekunjwa hadi begani, alitoka mbio. Kwenye kifua chake palikuwa pameandikwa Effie. Hakusalimia. Alikata lakiri ya sanduku, akatazama kipimajoto cha ndani, akatazama saa ya ukutani, akatazama tena kipimajoto.

"Bado," Effie akasema. "Bado inafaa." Na mlango wa ndani ukapiga nyuma yake.

Kirsteen akaachwa na mhudumu wa mapokezi, ambaye aliziba pua. "Unanuka kama kituo cha mafuta."

"Simu yenu inafanya kazi?"

"Ya ndani ya mji tu, na ile redio ya dharura ya kuongea na hospitali kubwa."

"Basi nipe redio. Niitieni Torquil wa pikipiki." Ilichukua muda. Sauti ya Torquil ilipokuja ilikuwa imejaa mikwaruzo na wasiwasi.

"Umefika, Kirsteen? Umefika?"

"Nimefika. Bandua ile mipira. Yote."

"Mipira? Ile ndiyo imekuokoa kwenye hiyo mvua, mwanangu, nilijua tu..."

"Torquil, ndiyo iliyotaka kumuua mgonjwa. Tenki halipumui. Toboa vitundu vya vifuniko kwa sindano, gundi yako imeviziba. Nani yuko barabarani sasa hivi?"

Redio ikakwaruza. "Ailsa," Torquil akasema, sauti ndogo. "Amekwenda kusini na vipimo vya maabara."

"Mtafute."

Aliirudisha redio. Akasimama pale katikati ya ukumbi, dimbwi likikua miguuni mwake. Nyuma ya mlango aliwasikia watu wakitembea haraka, mtu akiita jina la dawa, kitu cha chuma kikianguka. Kisha hakusikia chochote, na huko kutosikia kulikuwa kubaya zaidi. Alitaka kuwauliza wote waliopita. Hakuna aliyemtazama. Aliikumbuka kanuni aliyokuwa akiipenda na kuiona ilivyo katili. Angeambiwa asante, angepewa sanduku tupu, angerudi nyumbani kukanda unga, na kesho na keshokutwa mkono wake ungekuwa ndani ya unga huku akijiuliza.

Mvua ilipungua madirishani. Mwanga ukawa mweupe kidogo. Mlango ukafunguka, Effie akatoka na sanduku jekundu, akalinyoosha mbele. Lilikuwa jepesi. Mikono ya gauni lake ilikuwa na madoa.

"Zote nne zimetumika," akasema. "Na ukungu umeinuka, helikopta inakuja kumchukua."

Kirsteen alilipokea. Alijua hatakiwi kuuliza, na Effie alijua kwamba anajua.

Nesi akatazama nyuma, akatazama mbele, akamsogelea kama anayetaka kumrekebishia kola.

"Yupo," akanong'ona. "Ameuliza mtoto wake yuko wapi. Mimi sijakwambia kitu."

Kirsteen alikaa chini palepale, ndani ya dimbwi lake mwenyewe, akalikumbatia sanduku tupu.

"Dada, usikae hapo," mhudumu wa mapokezi akamwambia, akiinama kumshika kwapani. "Watapita na kitanda."